Vigingi vya mwani vilivyopasuka vichwa: uchambuzi wa kisa cha nailoni na mpira

Kisa hiki ni cha karakana moja ndogo ya plastiki katika pwani ya mashariki ya Unguja. Jina la karakana, kijiji, watu na kikundi cha wakulima nimeyaondoa, na baadhi ya vipimo vya bidhaa nimevibadilisha kidogo ili wahusika wasitambulike. Mfuatano wa matukio na sababu za kila uamuzi nimeziacha kama zilivyokuwa. Mimi niliitwa kutoa ushauri wa kiufundi wakati malalamiko yalikuwa yameshaanza.

Usuli

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, Paje na Jambiani, kisha kikaenea pwani na kuvuka hadi Pemba, ambako sasa ndiko sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar inakovunwa. Wakulima wengi ni kina mama. Vifaa vyao ni vichache: kamba, taitai za kufungia mbegu, na vigingi (mambo, kama wenyewe wanavyoyaita) vinavyogongwa mchangani maji yakishakupwa. Kwa desturi kigingi ni kipande cha mti. Mti una matatizo mawili: wadudu wa baharini huutoboa, na miti mizuri zaidi kwa kazi hiyo ni mikoko, kama mkandaa, ambayo kila mmoja anajua kwamba haifai kuendelea kukatwa ovyo.

Mwenye karakana aliona fursa katika nyavu chakavu. Nyavu nyingi za jarife na za kutegea hufumwa kwa nailoni, na bandarini huwa zimerundikana hazina mwenyewe. Nailoni inafaa kwa kigingi kwa sababu moja ambayo watu huisahau: inazama. Uzito wake ni kama gramu 1.14 kwa sentimita moja ya ujazo, na maji ya bahari ni 1.03 hivi. Wimbi likiking'oa kigingi, utakikuta palepale shambani, hakitakwenda kuwa taka ufukweni kwa jirani.

Kigingi alichobuni kilikuwa na mbavu nne, kichwa bapa cha kugongea, na tundu la kamba chini kidogo ya kichwa. Mbavu zilikuwa na unene wa milimita 5 hivi. Hakukifanya kiwe kipande kizima cha mviringo, na alifanya vizuri, kwa kuwa nailoni hunywea sana inapopoa na kipande kinene huacha mashimo ndani. Nyavu zilichambuliwa, zikaoshwa, zikakatwa, zikayeyushwa kwenye ekstruda (mashine ya kuyeyusha na kusukuma plastiki) ya skrubu moja kwa nyuzi joto kati ya 230 na 250, kisha zikasukumwa ndani ya kalibu ya chuma.

Kilichotokea

Toleo la kwanza lilisifiwa. Liliagizwa la pili, kubwa zaidi, likapelekwa moja kwa moja kwa wakulima wakati wa kaskazi. Bamvua ya kwanza tu (maji makubwa ya kujaa na kupwa), vichwa vikaanza kupasuka. Vingine vilivunjika kwa pigo la pili au la tatu la nyundo ya mti, ufa ukianzia pale ubavu unapokutana na kichwa, vingine ukianzia kwenye tundu. Vipande viliruka. Mama mmoja wa makamo, ambaye analima mwani tangu ujana wake, alimwambia fundi maneno ambayo karakana nzima bado inayakumbuka: "Mwanangu, mkandaa wangu nikiupiga unaingia. Hiki chako nikikipiga kinanirukia usoni."

Mwenye karakana aliamini kwamba nyavu za safari ile zilikuwa mbaya, kwamba zimechomwa na jua. Fundi wa mashine aliamini kwamba joto lilizidi. Uamuzi wao wa kwanza ulikuwa kuongeza kitu laini ndani ya nailoni ili isiwe na ukavu ule. Hapo ndipo nilipoingia, na ombi langu lilikuwa tusiongeze chochote kwanza.

Kujua tunachokiyeyusha

Tulianza na uchambuzi wa nyavu. Kamba za juu za wavu na nyuzi za maboya kwa kawaida si nailoni bali polietilini au polipropilini, na zilikuwa zinapita kwenye chambuo bila kuonekana. Hizo ni rahisi kuzikamata: zinaelea. Ukweli ni kwamba hata uzi wa nailoni utaelea kama mafundo yamebeba hewa, kwa hiyo unaukamua ndani ya maji yenye sabuni kidogo kabla ya kuuhukumu.

Ngumu zaidi ni poliesta, kwa maana nayo inazama. Dawa yake ni chumvi. Maji yaliyokolezwa chumvi mpaka hayapokei tena yana uzito wa karibu 1.2. Humo nailoni huelea, na poliesta, yenye 1.38 hivi, huenda chini. Ndoo mbili, moja ya maji matamu na moja ya maji ya chumvi, zikatosha kutenga makundi matatu. Kwa uhakika zaidi fundi alichoma uzi mmojammoja: nailoni hunuka kama nywele zilizoungua, polietilini hunuka mshumaa.

Uchafu ulikuwepo, lakini haukuwa mwingi kiasi cha kueleza mipasuko yote. Na toleo la kwanza, lile lililosifiwa, lilitoka kwenye nyavu zilizochambuliwa vilevile.

Maji kabla ya kalibu, maji baada ya kalibu

Tofauti ya matoleo mawili ilikuwa kwenye ghala. Toleo la kwanza lilikaa kwenye banda la wazi masika yote kabla halijauzwa. La pili lilitiwa kwenye mifuko ya plastiki likiwa bado na joto la mashine, mifuko ikafungwa, likapelekwa.

Nailoni hunywa maji kutoka hewani. Nailoni 6, moja ya aina kuu mbili za nailoni, ile ambayo Paul Schlack aliitengeneza Ujerumani mwaka 1938, miaka mitatu baada ya Wallace Carothers kupata nailoni 6,6 katika maabara za DuPont, hufikia maji ya karibu asilimia 2.5 hadi 3 ya uzito wake ikikaa kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 50, na ikilowekwa mpaka ishibe hufika kama asilimia 9. Maji hayo hujipenyeza kati ya minyororo ya molekuli na kulegeza vifungo vya haidrojeni vinavyoishikanisha. Kigingi kinakuwa chepesi kupinda kidogo, na kinahimili mshindo zaidi. Kigingi kilichotoka kalibuni dakika ile ni kikavu kabisa, na nailoni kavu haipendi pigo, hasa penye kona kali au mkato.

Tulichukua vigingi vya toleo lile lile, nusu tukavichemsha kwenye sufuria kubwa kuanzia asubuhi hadi jioni, nusu tukaviacha kwenye mifuko yake. Kwa kupima, fundi alisimamisha bomba la PVC na kudondosha ndani yake kipande cha chuma juu ya kichwa cha kigingi, akipandisha kimo kidogo kidogo. Si kipimo cha kimaabara. Kwa kulinganisha kigingi na kigingi, kilitosha sana, na baada ya hapo kila jaribio katika kisa hiki lilipimwa kwa bomba lile lile, mara mbili: kikavu na kilicholoweshwa. Vilivyochemshwa vilihimili kimo kikubwa wazi kuliko vikavu.

Basi kuchemsha peke yake kungemaliza kesi? Hapana, na sababu ni maji yale yale yakiwa mahali pasipo pake. Plastiki iliyokuwa ikitoka kwenye ekstruda ilikuwa na mapovu na ikitoa sauti ya mvuke. Chenga za nyavu zilikuwa zikianikwa juani kisha zikaingizwa mashineni, na katika hewa ya pwani yetu jua haliwezi kuikausha nailoni kwa kiwango kinachotakiwa, yaani chini ya asilimia 0.2. Kwenye nyuzi joto 240 maji yaliyobaki huikata minyororo ya nailoni. Minyororo ikifupika, plastiki inakuwa nyepesi kama uji inapoyeyuka, inavujia kwenye maungio ya kalibu, na ikipoa inavunjika kirahisi hata uiloweke vipi.

Karakana ikatengeneza tanuri la kukaushia: pipa lililofungwa, joto la 80, na pampu ya kuvuta hewa iliyotokana na kompresa ya friji bovu. Joto halikupandishwa zaidi kwa sababu nailoni ikikaushwa penye hewa kwa joto kubwa hugeuka manjano, dalili kwamba imeanza kuharibika. Chenga zilitoka moja kwa moja kwenda kwenye ndoo zenye vifuniko na zikatumiwa zikiwa moto. Mapovu yakaisha. Vigingi vilivyofuata vilikuwa bora hata vikiwa vikavu, ingawa bado havikumridhisha mtu anayegonga kwa nguvu kwenye mchanga wenye mawe.

Jaribio la madumu

Sasa ndipo suala la kuchanganya likawa na maana. Pendekezo la mwenye karakana lilikuwa kusaga madumu ya manjano ya mafuta ya kula na kuyachanganya kwa asilimia 20. Madumu ni polietilini, ni laini kuliko nailoni, hayapasuki ukiyapiga, na ni ya bei ndogo. Hoja yake ilikuwa na mantiki ya kawaida: changanya kigumu na laini upate cha katikati. Nilimwambia ninatarajia matokeo mabaya, lakini nilikubali tujaribu kwa kiasi kidogo, kwa sababu mtu aliyeona kwa macho hubishani naye tena.

Vigingi vilitoka vikiwa na sura nzuri, hata vinang'aa. Kwenye bomba vilivunjika chini ya kimo cha nailoni tupu, na mahali palipovunjika ungeweza kubandua tabaka kwa kucha.

Nailoni na polietilini hazipatani. Moja ina vifungo vya haidrojeni na inapenda maji, nyingine ni minyororo ya kaboni na haidrojeni tu isiyopenda chochote. Zikiyeyushwa pamoja, polietilini hujikusanya kuwa matone makubwa, na kati ya tone na nailoni hakuna kinachoshika. Kila tone linakuwa kasoro iliyopandwa kwa mkono wa fundi. Anayepika anajua tui lililokatika: mafuta upande wake, maji upande wake, na hakuna kukoroga kutakakolirudisha. Tui zima hubaki zima kwa sababu kuna kitu kwenye ngozi ya kila tone la mafuta kinachopatana na pande zote mbili, na matone yenyewe ni madogo mno. Mchanganyiko wa plastiki unahitaji mambo hayo hayo mawili, na jaribio la madumu halikuwa na hata moja.

Mpira uliopandikizwa

Kipatanishi cha nailoni kinajulikana. Ni mpira wa jamii ya ethilini-propilini, au polietilini laini, ambao minyororo yake imepandikizwa anhidridi ya maleiki (kemikali inayoshikana kirahisi na nailoni), kwa kawaida asilimia moja hivi au pungufu. Ncha za minyororo ya nailoni zina vikundi vya amini, yaani vikundi vya atomi zenye nitrojeni. Ndani ya ekstruda, katika dakika chache za kuyeyuka, amini hukamata anhidridi, na mnyororo wa nailoni unafungwa kikemia kwenye mnyororo wa mpira, pale pale kwenye mpaka wa tone. Matone hayawezi tena kuungana yakawa makubwa, na mpaka hauachii.

Namna matone hayo yanavyozuia ufa si kwa kunyonya pigo kama watu wengi wanavyodhani. Pigo likija, tone la mpira hupasuka ndani na kuacha kitundu. Kitundu hicho huondoa mvutano uliobanwa pande zote, na nailoni iliyo kati ya matone hupata nafasi ya kunyumbuka badala ya kukatika. Nailoni yenyewe ndiyo inayofanya kazi, mpira unaifungulia njia tu. Ndiyo maana umbali kati ya tone na tone una uzito kuliko wingi wa mpira peke yake. Souheng Wu wa DuPont alionyesha mwaka 1985 kwamba kwa nailoni 6,6 umbali huo ukishuka chini ya maikroni 0.3 hivi, yaani sehemu tatu za elfu kumi za milimita, plastiki hubadilika ghafla kutoka ya kuvunjika hadi ya kustahimili. DuPont yenyewe ilikuwa imeshaingiza sokoni nailoni ya aina hii katika miaka ya 1970. Katika vipimo vya maabara vya kipande chenye mkato, nailoni kavu huvunjika kwa nishati ya pigo ya kama jouli 50 kwa kila mita ya unene, na iliyochanganywa vizuri na mpira wa aina hii, asilimia 20 hivi, hupita 800.

Mfuko wa kilo 25 ulipatikana kwa muuzaji wa Dar es Salaam. Bei yake kwa kilo ilikuwa mara nyingi ya gharama ya nyavu, na mwenye karakana alisita. Tulikubaliana kuanza na asilimia 20, si kwa kuwa hicho ndicho kingeuzwa, bali ili tuone kwanza kama mashine yao inaweza kuchanganya kabisa. Skrubu moja haisagi matone vizuri kama skrubu mbili. Tulipitisha mchanganyiko mara mbili kwenye ekstruda, tukikausha tena katikati. Mara ya tatu nilikataa. Kila mpito unaichosha nailoni.

Kulikuwa na faida ambayo fundi hakuitarajia. Minyororo ilipofungana, plastiki iliyoyeyuka ikawa nzito, na kuvujia kwenye maungio ya kalibu kukakoma. Ilibidi aongeze shinikizo, lakini muda aliokuwa akiupoteza kukwangua mabaki ya pembeni aliuokoa wote.

Kwenye bomba, vigingi vikavu vya asilimia 20 havikupasuka kwa kimo chochote ambacho chumba kiliruhusu. Vichwa vilibonyea tu.

Kulipia ustahimilivu

Shambani furaha ilidumu bamvua moja. Vigingi havikuvunjika, lakini penye mchanga mgumu vilipinda kabla ya kuingia. Hili ni la kutarajiwa: mpira wa asilimia 20 hupunguza ukakamavu wa nailoni kwa theluthi hivi, na maji ya bahari nayo yanapunguza zaidi siku zinavyokwenda. Wakulima hawakutaka kigingi kisichovunjika ilhali hakisimami.

Hapa ndipo kona ilipopata zamu yake. Tangu mwanzo nilikuwa nimeomba kalibu ichongwe upya pale ubavu unapokutana na kichwa, na kwenye ukingo wa tundu, kona kali zigeuzwe kuwa mviringo wa milimita mbili au tatu. Mwenye karakana aliahirisha, na sababu yake ilikuwa ya kweli: kalibu ni moja tu, ingebidi ipelekwe kwa mchongaji mjini, na uzalishaji usimame katikati ya oda. Sasa oda zilikuwa zimepungua, kalibu ikapelekwa.

Iliporudi tulipima nailoni tupu, iliyokaushwa vizuri, yenye kona za mviringo, bila tone la mpira. Ilihimili karibu sawa na tulivyokuwa tunatarajia kutoka kwenye asilimia 5 ya mpira kwa kalibu ya zamani. Chuma kilichokwanguliwa kilikuwa kidogo sana. Tulishusha mpira hadi asilimia 10, na kigingi kilichopatikana kiliingia kwenye mchanga mgumu bila kupinda wala kupasuka.

Matokeo

Karakana sasa inauza mchanganyiko wa asilimia 10, wenye masizi meusi kiasi cha asilimia 2 kwa ajili ya jua, na vigingi vinalowekwa kwenye pipa la maji ya moto kabla ya kupelekwa. Vichwa havipasuki. Sehemu zenye mwamba bado zinatobolewa kwanza kwa mtaimbo, na sioni plastiki yoyote itakayobadilisha hilo. Bei ni ya juu kuliko kigingi cha mti, na baadhi ya kina mama hawajashawishika; mwenye ile kauli ya mkandaa amenunua vichache, vya pembeni mwa shamba, anavipeleleza.

Uchambuzi

Tatizo lililoitwa "plastiki kavu" lilikuwa matatu yaliyolala kitanda kimoja: minyororo iliyokatwa na maji ndani ya mashine, kona kali za kalibu, na nailoni iliyotumika kabla haijanywa maji. Mpira uliopandikizwa ungeweza kufunika yote matatu kwa muda, na kwa asilimia 20 karibu uliyafunika. Gharama yake ingekuwa kigingi kinachopinda na mfuko wa mpira unaoisha haraka. Uchanganyaji ulifanya kazi kwa asilimia 10 kwa sababu uliwekwa juu ya nailoni iliyo nzima.

Tanuri la kukaushia ndilo uwekezaji uliolipa zaidi, nami ningelitanguliza hata kama hakuna mpira. Lilisaidia pia upatanishi, kwa kuwa unyevu ndani ya ekstruda huiharibu anhidridi kabla haijaifikia amini.

Kuchelewesha kalibu kuligharimu. Sisemi uamuzi ulikuwa wa kipuuzi, maana karakana isiyo na kalibu ya pili haiwezi kuisimamisha kazi kwa ushauri wa mtu anayeondoka jioni. Lakini mpangilio ulipaswa kuwa kona kwanza, mpira baadaye, na mfuko wa kilo 25 ungetosha kutengeneza vigingi mara mbili ya vilivyotoka.

Jaribio la madumu lilishindwa kama lilivyotarajiwa, lakini mlango haukufungwa kabisa. Polietilini ya madumu ikichanganywa na sehemu ndogo ya mpira uliopandikizwa hupata kipatanishi, na inaweza kupunguza bei. Ustahimilivu wake hautafika ule wa mpira mtupu. Karakana haijaufuatilia mchanganyiko huo.

Kilichobaki bila jibu ni vigingi vinavyorudi. Karakana huahidi kununua vilivyochakaa na kuvisaga tena, ahadi nzuri, ila kuna vigingi vya nailoni tupu na vya mpira vinavyofanana kwa macho, na vikisagwa pamoja hakuna atakayejua asilimia iliyo ndani. Kwa sasa herufi M imechongwa kwenye kalibu, upande wa chini wa kichwa ambako nyundo haifiki, na vyenye alama hiyo vinasagwa peke yake na kupunguziwa mpira mpya kulingana na uzito wake.